Harufu ya Dawa ya Kuchua

Mle katika chumba cha kuundia setilaiti walimwita Shangazi, na si kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa lenzi, na hakuna aliyevuka mlango kabla hajanuswa naye. Sabuni ya manukato, mafuta ya nywele, vyote marufuku. Kijana mmoja, bwana harusi mzima, Shangazi aliwahi kumrudisha kwao akaoge upya.

"Kamera hii inagawa mwanga katika mamia ya rangi," alimwambia. "Ikiwa huko angani itaona jani linaloumwa kabla mkulima hajashtuka. Wewe unataka ione marashi yako?"

Asubuhi hiyo lenzi ilikuwa wazi, setilaiti ikisubiri kifuniko tu ipelekwe kurushwa, na Shangazi ameinama juu yake. Ndipo pua yake, pua ile ile, ikamletea harufu ya dawa ya kuchua.

Alijua mara moja imetoka wapi. Kila alfajiri alimchua mama yake mgongo, kisha akanawa hadi mabegani. Leo mama alizidiwa na maumivu, akachuliwa mara ya pili, na binti kwa kuchelewa akanawa viganja tu. Viganja vilikuwa ndani ya glavu. Lakini dawa ya viwikoni ilikuwa imepata joto ndani ya ovaroli, na mvuke wake ulikuwa unatokea shingoni, ukimwingia hadi ndani ya barakoa.

Utando wa mvuke ule ukibaki kwenye lenzi, jua la huko juu litaukaanga, na hakuna atakayepanda na kitambaa kwenda kuufuta. Naye akisema, kazi hana. Kanuni ni yake mwenyewe. Wenzake, na barakoa zao, hawakunusa kitu. Mficha maradhi kilio humuumbua, ni kweli, ila kilio hiki kingelia angani, na nani angejua ni cha nani?

"Shangazi, tufunge?" mkuu wa kazi aliuliza, kifuniko mkononi.

"Tufunge."

Kifuniko kikashuka. Skrubu ya kwanza ikaingia, ikakazwa. Mkuu akaokota ya pili.

"Fungua," Shangazi alisema. "Nina dawa mwilini."

Walichomoa kipande cha kioo kinachokaa kando ya lenzi kama shahidi wa uchafu, wakakipima. Kilikuwa na utando, mbichi bado, wa kufutika. Mkuu hakugomba, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko matusi.

"Lenzi tutaisafisha," alisema. "Lakini wewe humu huingii tena."

"Najua."

Mama alimwona anaingia jua bado liko juu. "Mbona mapema, mwanangu? Wamekufukuza?" alitania.

"Ndiyo, mama. Dawa ilifika kwenye lenzi."

Bibi wa watu, akidhani haonekani, akaisukuma chupa ya dawa chini ya mto.

"Leo mgongo hauniumi hata kidogo," alisema.

Shangazi aliitoa ile chupa, akaifungua. "Lala kifudifudi, mama."

Akamchua taratibu, dawa ikimpanda hadi viwikoni, na alipomaliza hakuinuka kunawa.