Ulimi Wangu na Bwawa la Baba

Matope ya chumvi yakikauka hunuka yai bovu, na hata leo nikiinusa harufu hiyo nafunga madirisha. Shamba letu lilikuwa chini ya Kibwezi, mwisho kabisa wa mfereji, ambako ardhi ilikuwa imeota weupe kama ukoko wa ugali na mahindi yalikataa katakata kukua. Afisa wa samaki akamwambia Baba kwamba karpi, samaki mnene mwenye ndevu fupi, huvumilia chumvi kidogo. Basi Baba akauza ng'ombe wetu wa pekee, akachimba bwawa, akaleta vifaranga vya samaki. Jamaa zetu walimcheka: Mkamba gani huyo, anauza maziwa anunue nyoka wa majini! Mdogo wangu Mwende alikuwa na mwaka mmoja tu, na tangu siku hiyo akawa anapewa chai ya rangi. "Vumilieni," Baba alituambia. "Samaki wakikomaa, mtoto huyu atakula mpaka achoke."

Jua likawaka mwaka ule. Maji yakapungua, chumvi ikabaki. Afisa alikuwa ametuachia sharti moja: maji yaonjwe kila asubuhi, na yakizidi mchuzi kwa chumvi, nusu yamwagwe na bwawa lijazwe upya. Kazi ya kuonja nilipewa mimi, nikiwa na miaka tisa. Mara ya kwanza niliposema yamezidi, Baba alibomoa ukingo bila kusita. Ole wangu! Kwetu maji ya kunawa uso yaliosha vyombo, kisha yakanywewa na mbuzi. Hakuna aliyewahi kuona maji yakimwagwa hivi hivi. Mama aliketi chini akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Zamu yetu ya mfereji, siku moja kwa wiki, ikaenda yote bwawani, na sukuma wiki yake ikakauka. "Baba Mutheu, umetumaliza," alisema.

Wiki mbili baadaye nilionja tena, nikatema. Baba alikuwa ameshika jembe, ananingoja. Nyuma yake Mama alinitazama, Mwende mgongoni. Nikasema, "Iko sawa, Baba." Nilisema hivyo asubuhi kumi na moja. Ya kumi na mbili tulikuta samaki wote wameelea, matumbo juu, hakuna hata mmoja aliyezidi kiganja changu. Mwende hakufika mvua za Novemba. Tulimzika upande wa juu wa shamba, palipokuwa bado na udongo mzuri.

Siku hizi naishi Kibwezi mjini. Bomba liko jikoni, na wanangu humwaga maji ya kuoshea mchele bila hata kuyatazama. Baba ninaye, macho yamefifia, na mpaka leo anaamini kwamba afisa alituletea samaki wagonjwa. Mchuzi ukifika mezani, husogeza bakuli kwangu kwanza.

"Onja wewe, Mutheu. Ulimi wako haujawahi kunidanganya."

Naonja. Kisha namwambia iko sawa.