Vidonge vya Wake wa Kasimu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dispensari ya Kabambare, Kongo, muuguzi Grégoire alitafuna kidonge cha kinini mbele ya wagonjwa, waone kuwa si sumu. Mwaka 1954 daktari Mbelgiji alimwagiza alinganishe kinini na dawa mpya ya malaria isiyo chungu: mgonjwa wa kwanza apewe hii, anayefuata ile, bila kuchagua mtu. Daftari la matokeo likiwa safi, Grégoire angepelekwa shule ya utabibu.

Wa mwisho kuandikishwa walikuwa wake wawili wa Kasimu. Zaina alipewa dawa mpya, Mwamini kinini. Baada ya siku tatu walirudi wazima, wakicheka.

“Mama Mwamini, kinini ilikuwa chungu?” Grégoire aliuliza.

Zaina akadakia: “Hata yangu, nusu ilikuwa chungu, Papa!”

“Nusu gani?”

“Bwana yetu alikata vidonge vyote katikati, kila mutu nusu ya kinini na nusu ya ile mupya. Wewe, kwa kutupa dawa mbalimbali, ulitaka kutugombanisha nyumbani!”

Grégoire alishika kichwa. Daktari angefika mchana, na mistari miwili tu ya uongo ingeokoa nafasi yake ya shule.

Mwamini alimwona anafungua daftari. “Sasa utaandika nini, Papa?”

“Nitaandika kwamba mulikata.”