Soksi za Dieumerci

Sufu iliyolowa ina harufu yake, na aliyewahi kufua sweta anaijua: kondoo aliyenyeshewa, pamoja na sabuni ya mche. Juzi nimekutana nayo kwenye ngazi za jengo letu. Jirani alikuwa ameanika sweta za wanawe kwa kuwa baridi imekwisha, nami nikasimama pale na mifuko yangu ya sokoni, nikinusa sweta za watu bila aibu. Mara nikawa nimerudi Troyeville, mtaa wetu wa Johannesburg, kwenye baraza la nyumba ya utotoni, mwaka ule nilipofundishwa kufuma soksi na mwanamke mbishi kuliko wote niliowahi kuwajua.

Mwanamke huyo ni Tantine Berna, mdogo wake Mama. Alikulia Bukavu, akaja Johannesburg akiwa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kusuka nywele katika saluni moja kule Jeppestown. Sisi tulipanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba kubwa ya zamani iliyokuwa imegawanywa chumba kwa chumba. Vyumba vya mbele vilikuja pamoja na baraza, na kwa sababu ya baraza hilo tulijiona watu wenye nafasi yao mjini.

Kila majira ya kuchipua, upepo wa Agosti ukishachoka kutumwagia vumbi, mti wa pichi uani ulitoa maua kabla haujawa na jani hata moja, na yasmini iliyotambaa kwenye uzio ikaanza kunukia hadi barabarani. Mtaa mzima ulivua makoti. Kwetu ndipo kazi ya sufu ilipoanza. Sweta zilizokuwa zimetubana zilifumuliwa, uzi ukazungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukafuliwa, ukaanikwa huku kopo la nyanya likining'inia chini yake ili mikunjo inyooke. Ukikauka, ulifumwa soksi za baridi ijayo. Gogo Thandi, bibi wa Kizulu wa chumba cha nyuma, alituona tukifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka alishangaa upya. Aligonga paji lake la uso na kuuliza kwa Kizulu ni watu gani hawa wanaofuma soksi jua linapowaka. Tantine alimjibu kwa Kizulu chake cha saluni kwamba baridi lazima itarudi, nayo ikirudi isimkute bado anatafuta sindano.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la pili, na Mama alikuwa mjamzito. Mwishoni mwa Agosti presha yake ilipanda, miguu ikavimba, akalazwa hospitali. Niliambiwa amekwenda kumngojea mtoto huko huko, karibu na madaktari, na kwamba watoto hawaruhusiwi wodini. Mimi sikuwahi kuachana na Mama hata kwa siku moja. Nilikuwa wa pekee, nimedekezwa, na nilimtaka mama yangu arudi, basi. Tantine alihamia kwetu na begi lake, akawaambia wateja wake wamfuate barazani.

Jioni ya kwanza nilipomuuliza Tantine lini Mama atarudi, aliniwekea mapajani sweta yangu ya kijani iliyokuwa imenikataa mabega, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambamo "njo" ni "ndiye":

"Chance, sikia. Mutoto wa kwetu hawezi kutoka mu hospitali miguu mutupu. Watasema hana ndugu. Wewe njo dada yake, wewe njo utamufumia soksi."

"Zikiisha, Mama atarudi?"

Tantine alikohoa, akatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

"Zikiisha, wanarudi wote wawili."

Sasa ninyi niambieni, mtoto wa miaka saba akipewa kazi kama hiyo ataichezea? Niliifumua sweta ile siku hiyo hiyo.

Sindano za Tantine zilikuwa spoki za baiskeli, zimenolewa ncha kwenye jiwe huko Bukavu kabla sijazaliwa. Ziligongana ti-ti-ti mikononi mwangu, ngumu na baridi asubuhi, na za moto mchana jua likishapanda. Nikitoka shule nilikaa kwenye ngazi ya baraza, magoti juani, na mgongo umeegemea miguu ya Tantine. Yeye alikuwa kitini, na mteja mbele yake kwenye kigoda. Vidole vyake vilikimbia kichwani mwa mteja na vyangu vilitambaa kwenye soksi. Juu yetu ndege wa hadeda walipita wakipiga makelele ya watu wanaogombania kiti. Mafuta ya nywele yalinukia, yasmini ilinukia, na kutoka jikoni kwa Gogo ilikuja harufu ya kabichi. Raha ya kufuma ni kwamba macho yana kazi na mikono ina kazi, lakini masikio yanabaki huru, na mimi nilisikia pale habari za ndoa nyingi ambazo mtoto hakupaswa kuzisikia.

Hata Kiswahili changu kilianzia pale. Kabla ya hapo nilikielewa tu, nikijibu kwa Kiingereza. Tantine alikataa kabisa kufundisha kisigino kwa Kiingereza. Alisema kisigino cha Kiingereza kitambana mtoto.

Tatizo lilikuwa matundu. Soksi ikikaribia kwisha, Tantine aliichukua, akaiinua kwenye mwanga, nywele za bandia bado zimebanwa midomoni mwake.

"Aka! Kuko tundu hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Wewe macho yako iko mupya, haijazoea. Fumua."

"Yote?"

"Yote, mama. Tunaanza tena."

Mara ya kwanza nililia mpaka mteja akanipa pipi. Baadaye nikaizoea, hata nikaipenda. Nilishika ncha ya uzi nikakimbia nayo hadi getini, soksi ikijifumua nyuma yangu trrrr, kisha nikarudi polepole nikiuviringisha. Uzi ule ulichakaa hata rangi yake ikawa kijani cha maji ya mboga. Wateja walinionea huruma. Mmoja alimwambia Tantine amwache mtoto, soksi ni soksi. Tantine akamvuta rasta kuzidi kidogo ilivyohitajika, akamwambia, "Wewe nyamaza, hapa tunavalisha mufalme."

Baba alikuwa mlinzi wa maduka. Kazi ikiisha alipitia hospitali, na jioni Tantine alimpokea getini. Wakinitazama kidogo tu, wote wawili walihamia Kifaransa, lugha ya mambo yasiyonihusu. Kisha Tantine alirudi barazani na kuuliza kwa sauti kubwa, "Eh, kisigino kimefika wapi?" nami nikamwonyesha kimefika wapi.

Jioni moja Baba alikuja na habari kwamba mtoto amezaliwa, mvulana. Nilirukaruka. Halafu nikasubiri waje, hawakuja. Baba alisema Mama bado amelala, amechoka. Nilijua sababu halisi: soksi. Nikafuma kwa hasira. Nilifuma wakati wa mapumziko shuleni, nikafuma nikisubiri uji upoe. Na kila nilipomaliza, Tantine aliinua soksi kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

Ikafika Jumamosi moja. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake na ardhi yote ilinukia. Mimi nilikuwa nafunga kidole cha soksi ya pili, kwa haraka, nikitarajia kuambiwa nifumue. Simu ya Tantine ililia. Alisikiliza, simu ameibana begani. Kisha akaketi ngazini kando yangu, akamwacha mteja na kichwa nusu. Akazichukua soksi mikononi mwangu. Akazitazama muda mrefu.

"Hakuna tundu," alisema.

"Hata moja?"

"Hata moja. Umemaliza, mama yangu. Umefuma muzuri sana."

Nilipiga kelele iliyomtoa Gogo jikoni na mwiko mkononi. Mteja, bila kuelewa kitu, alipiga vigelegele, kisha akafunga kitambaa juu ya nusu yake ya rasta akaenda zake. Siku chache baadaye Mama alitoka hospitali, amekonda, anatembea ameshikiliwa na Baba, na mdogo wangu Dieumerci amevaa soksi zilizomfika mapajani. Nilimwambia kila mtu njiani, kuanzia mlinzi wa geti hadi muuza machungwa wa kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kwamba ni mimi niliyewarudisha.

Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na sioni aibu kusema iliniongezea kiburi.

Mwaka jana Dieumerci, ambaye sasa anainama kupita mlangoni, alizikuta soksi hizo ndani ya sanduku la Mama. Akaingiza kidole gumba kwenye kisigino, kikatokea upande wa pili. "Dada, ndiyo kazi uliyojisifia hii?" Tulicheka sana. Kisigino kilikuwa na tundu, karibu na kidole palikuwa na jingine, na soksi moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Nikauliza imekuwaje Tantine asiyaone, yeye aliyeona matundu nisiyoyaona mimi.

Mama hakucheka. Alisema wiki ile madaktari walikuwa wamemwambia Baba awaandae ndugu. Simu ya Jumamosi ile ilikuwa ya kusema kwamba yeye, Mama, amefumbua macho na ameomba chai.

Tantine siku hizi anasuka Durban. Nilimpigia hapo hapo.

"Tantine, soksi za Dieumerci zina matundu."

"Najua," akacheka. "Siku ile hata ungeniletea gunia, ningesema ni soksi."

"Na zile za mwanzo? Zile nilizofumua?"

Nilisikia mashine ya kukausha nywele ikivuma nyuma yake. Nikamfikiria alivyokuwa siku zile, mwanamke kijana ambaye dada yake wa pekee yuko mahututi, kila mchana anainua soksi ya mtoto kwenye mwanga na kutafuta cha kusema.

"Zile zilikuwa safi, mama," akasema. "Safi kabisa. Lakini kama zingeisha, ningekuambia nini?"