Bi Lawama, mama anayelipwa kulalamika

Saa tatu kasoro asubuhi, na mama mwenye mtandio wa kijani amekwisha kupandisha sauti. Anagonga kaunta kwa kiganja. Anasema kila akija hapa anaambiwa arudi kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo, sasa wanataka arudi lini tena?

Upande wa pili wa kaunta amekaa msichana wa mwaka wa mwisho chuoni, jasho likimtoka puani. "Samahani, mama," anasema. "Naomba ukae tuanze upya. Shikamoo."

Mama anavuta kiti, anakaa, anaitikia kwa sauti ya chini. Kisha anawageukia vijana walioketi kwenye mabenchi nyuma yake.

"Mmeona? Shikamoo imekuja mwishoni. Ingetangulia, hii meza nisingeigonga. Haya, mwanangu, turudie." Ananyanyuka, anarudi mlangoni, na kuja kugomba upya.

Kaunta hiyo ni meza mbili zilizounganishwa kwa misumari. Dirisha la huduma ni fremu ya mbao isiyo na kioo, imening'inizwa kwa kamba. Kisichokuwa cha kuigiza hapa ni malipo tu: mama huyu analipwa na chuo ili aje kulalamika, na wanafunzi wamempa jina linalomkaa vizuri, Bi Lawama.

Kila mwaka, wanaokaribia kuhitimu chuoni hapo hupitia mafunzo ya utumishi kwa jamii na elimu ya uraia kabla ya kupelekwa kuhudumu kwenye ofisi, zahanati na shule. Darasani husoma haki na wajibu wa raia. Baadaye huingizwa chumba hiki kukutana na raia mwenyewe.

"Kule darasani raia ni mtu mzuri sana," anasema mkufunzi wao, mwanamume mrefu ambaye mfuko wa shati lake umejaa vumbi la chaki. "Ana haki zake, ana wajibu wake, yuko kimya ubaoni. Huku anakuja hajala, amechoka na foleni, na lililomleta halisemi mpaka mwisho. Tukaona ni afadhali wamzoee mapema."

Bi Lawama huja na sura nyingi. Leo ni mfanyabiashara mwenye haraka, kesho ni mke wa mzee asiyesikia, keshokutwa ni mjane asiyejua aanzie wapi. Sheria ya zoezi ni moja: haliishi mpaka mwananchi atamke neno "nimesikika". Si lazima apate alichotaka, maana yapo mambo hayapatikani. Lakini lazima asikike.

Na neno hilo ana uchoyo nalo. Wapo vijana walioondoka chumbani humo na alama nzuri za mitihani yote na macho mekundu.

Kazi hii hakuiomba. Alikuwa mfanya usafi wa chuo. "Nilikuwa napiga deki kwenye korido," anasimulia. "Mkufunzi akatoa kichwa mlangoni, akaniambia, mama, hebu njoo ujifanye mwananchi kidogo. Nikamuuliza, nijifanye? Kwani mimi ni nini?" Anacheka mpaka anashika mbavu.

Posho ya zoezi inazidi alichokuwa akipata kwa deki kwa kama theluthi moja, ingawa chuo kikifunga milango na posho nayo inafunga. Inalipa kodi ya chumba na dawa za mama yake mzazi, anayeishi naye. Ikibaki, inanunua sabuni.

Mwandishi wa makala haya naye hakupona. Swali lake la kwanza lilihusu umri. Bi Lawama alitazama saa ya ukutani, kisha akasema, "Hujaniuliza nimeamkaje." Mahojiano yakaanza upya. Umri wake, baada ya salamu, ni miaka hamsini na minane.

Anapofika kwenye habari za mama yake, utani unapungua. Kumbukumbu za bibi huyo zilianza kumtoka polepole. "Ya jana hana," anasema Bi Lawama. "Ya zamani anayo yote, hata rangi ya gauni alilovaa siku aliyoanza kazi."

Hapo ndipo inapoingia hadithi inayosimuliwa chuoni kwa kila kundi jipya. Inamhusu yeye, mama yake, na kijana mmoja aliyeitwa Kanuni.

Kanuni alipewa jina hilo kwa sababu kila swali alilijibu kwa kanuni. Aliyasoma makabrasha yote ya mafunzo, na aliyakariri. Kaunta ndiyo iliyomshinda. Siku moja Bi Lawama alimjia kama mama mwenye haya, macho chini, anasokota ncha ya mtandio. Kanuni alimwambia alete kitambulisho, picha ndogo na barua ya utambulisho, kisha aende dirisha la nne, na kama limefungwa aje Jumatatu.

"Nilikuwa natafuta choo," anasema Bi Lawama.

Darasa zima lilicheka, na Kanuni alicheka nalo kwa adabu. Lakini asiyepata "nimesikika" hata mara moja hapelekwi kituo cha kazi, na siku za mafunzo zilikuwa zinakwisha.

Basi asubuhi moja mlango ulisukumwa, Bi Lawama akaingia. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine kiatu. Alikuwa anahema. Alishika kaunta kwa mikono miwili akasema, "Mama yangu amepotea."

Vijana walimpigia makofi.

Wasilaumiwe sana. Juma lililotangulia alikuwa amempoteza mume kwenye kaunta hiyo hiyo, akalia machozi ya kweli, na mwishowe ikabainika mume yuko kwa kinyozi. Kuna msichana aliyemnong'oneza mwenzake kwamba leo mama amejipamba hadi miguuni. Mkufunzi angejua tofauti, lakini alikuwa kwenye kikao.

"Nilikwenda kule kwa sababu nilitaka miguu," anasema Bi Lawama. "Nilikuwa nimezunguka sokoni, kwa ndugu, kwa majirani, sikumwona. Chuo kiko ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, na kina miguu mingi ya vijana. Kumbe nimeingia kwa watu niliowafundisha mwenyewe kwamba nikilia ni kazi." Anatikisa kichwa. "Niliogopa mpaka ulimi ukawa mzito. Nikataka kuwaambia hii ni kweli, nikakumbuka hata katika maigizo huwa nawaambia hii ni kweli."

Zamu ya kaunta siku ile ilikuwa ya Kanuni.

Yeye sasa ni mtumishi katika ofisi ya usajili upande mwingine wa mji, na alizungumza na mwandishi kwa simu. "Nilikuwa nimekata tamaa," anasema. "Nikajiambia leo sisemi kanuni hata moja. Nitauliza tu. Kuuliza si ujinga."

Akamsalimia. Akamwomba akae, akakataa. Akamuuliza mama amevaa nini, amebeba nini, alionekana wapi mara ya mwisho. Kengele ya chai ikalia, wenzake wakatoka. Bi Lawama alikuwa bado hajasema nimesikika, kwa hiyo Kanuni hakuondoka.

"Akasema, twende. Akatoka nje," anakumbuka Kanuni. "Nikafikiri, lo, leo zoezi lina sehemu ya pili. Nikamfuata."

Kwenye kona, fundi viatu aliwaambia kwamba bibi mmoja alipita na mkoba kwapani, anatembea upesi, na aliposalimiwa alijibu kwamba anachelewa kazini. Kanuni anakiri alimwangalia fundi yule kwa heshima. "Nilidhani naye analipwa. Nikasema moyoni, huyu anaigiza vizuri kumshinda Bi Lawama."

Kisha akauliza swali ambalo mama huyu anasema hatalisahau: "Mama yako alikuwa anafanya kazi gani zamani?"

Bi Lawama alisimama pale pale barabarani. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha nguo, tangu ujanani mpaka kilipofungwa. "Mimi nilikuwa namtafuta mzee wangu," anasema. "Nilimtafuta mahali ambapo wazee huenda. Yeye aliamka siku hiyo akiwa msichana wa zamu ya asubuhi. Mimi mtoto wake sikuliwaza hilo. Hofu ilikuwa imeniziba."

Kiwanda hicho siku hizi ni duka la magodoro. Walikwenda nusu wakikimbia, Kanuni ametangulia. Ndani, katikati ya duka, bibi alikuwa ameketi juu ya godoro ambalo halijavuliwa nailoni, mkoba mapajani, kikombe cha chai mkononi. Muuza duka alisimama kando ameshika kiuno.

"Amekataa kuondoka mpaka msimamizi aje," alisema muuza duka. "Nimemwambia msimamizi ni mimi, akaniambia nisimtanie."

Bibi alimwona binti yake, akamkunjia uso. "Mmechelewa. Mashine zimezimwa na hakuna anayesema kitu." Kisha akamtazama Kanuni kutoka juu hadi chini, shati limechomekwa, kitambulisho cha chuo shingoni. "Wewe ndiye msimamizi mpya?"

Kanuni, ambaye bado alikuwa katika zoezi, alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama," akasema. "Ndiyo, ni mimi. Zamu imekwisha. Asante kwa kazi."

"Marahaba," akajibu bibi. Akamrudishia muuza duka kikombe, akanyoosha mkono ili anyanyuliwe.

Bi Lawama alikaa chini sakafuni, akaishika miguu ya mama yake, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Bibi alikuwa ametembea peku njia yote. Kidole kimoja kilikuwa kimejikwaa na kinatoka damu.

"Niliiona ile damu," anasema Kanuni. "Nikamuuliza Bi Lawama, mama, hii ni kweli? Akanijibu, kweli tupu, mwanangu. Na mimi nikakaa kwenye godoro."

Muuza duka hakumtoza mtu hata senti kwa nailoni iliyochanika. Alichofanya ni kuandika namba ya simu ya Bi Lawama ukutani karibu na mlango, na mpaka leo ipo.

Mkufunzi aliporudi na kuelezwa, alipauka. Alipendekeza kuwe na neno maalumu la kutamkwa jambo likiwa la kweli, ili makosa yale yasijirudie. Bi Lawama alilikataa papo hapo.

"Nilimwambia, mwalimu, ukiwapa neno la kweli, siku nyingine zote watajua wanaweza kulegea. Yule kijana alinisaidia bila kujua. Alinihudumia kama mtu anayenijali, na ikatosha. Acha wasijue."

Neno hilo halikuwekwa. Badala yake kimeongezeka kitu ambacho hakimo katika kabrasha lolote. Siku hizi kila asubuhi Bi Lawama humwambia mama yake kwamba zamu inaanza, na wanakuja chuoni pamoja, mkono kwa mkono. Bibi hukaa benchi la mbele, akikunja vitambaa anavyowekewa kwenye kikapu. Wanafunzi humsalimia wakiingia, na baadhi yao huomba ruhusa kwake wakitaka kutoka. Huwa hawanyimi, ila huwaambia wasizurure.

"Sasa nalala," anasema Bi Lawama. "Zamani nikisikia mlango umelia, moyo unaruka. Sasa najua akitaka kwenda kazini, kazi yenyewe iko hapa. Nashukuru sana. Sijui nishukuru vipi zaidi."

Kanuni alipelekwa kituo cha kazi kwa uamuzi wa mkufunzi, bila neno la mwananchi, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada yake. Neno halikuwapo kwa sababu siku ile, katika kilio na kicheko cha dukani, Bi Lawama alisahau kulitamka. Kanuni anasema kwa utani kwamba kwa mujibu wa kanuni, zoezi lake halijaisha. "Mwambie bado nasubiri."

Bi Lawama akifikishiwa ujumbe huo anatabasamu. Anasema neno kama lile halipelekwi kwa simu, wala halitumwi kwa mwandishi wa gazeti. Chuo kikifungwa mwezi ujao, atamchukua mama yake wavuke mji mpaka ofisi ya usajili, wapange foleni kama watu wengine.

Mazoezi ya asubuhi yamekwisha. Msichana wa kaunta, ambaye leo amelipata neno lake baada ya kurudia mara nyingi, anakuja benchi la mbele na kuchuchumaa. "Zamu imekwisha, bibi. Asante kwa kazi." Bibi anakabidhi kikapu, ananyoosha mkono ili anyanyuliwe.

Na huko kwa Kanuni, mwandishi anamuuliza, ukifika dirishani utasema nini?

Bi Lawama anashusha macho. Anashika ncha ya mtandio, anaanza kuisokota, na ghafla mbele ya mwandishi amesimama mama mwenye haya ambaye hajui aanzie wapi.

"Sitasema kitu," anasema, uso bado uko chini. "Nitasimama hivi hivi. Akinionyesha choo kilipo, nitamwambia nimesikika."