Kutoka Ngamiani Kufuata Mche wa Bluberi

Nilikwenda Lushoto ili kufunika uwongo. Mwanangu Zuhura anafanya kazi kwenye shamba la matunda ya bluberi huko Njombe, na mwaka juzi alipokuja nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, kwa siku tatu tu, aliniachia mche mmoja kwenye kopo. "Utunze, mama. Ukizaa nitakuja tule pamoja," akasema, akaenda zake. Sijamtia machoni tangu siku hiyo. Mche wenyewe ulikauka kabla ya mfungo, nami sikumwambia. Kila akipiga simu huuliza, "Mti haujambo?" Nami humjibu haujambo, unazidi kustawi. Juzi akataka nimpigie picha. Ndipo nikafunga safari, nikatafute mwingine unaofanana na marehemu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi liliondoka Tanga. Nilikaa dirishani, kikapu magotini, na ndani ya kikapu tawi kavu la ule mche nimelifunga kwenye gazeti nisije nikakosea aina. Jirani yangu wa kiti aliuliza nimebeba dawa gani. Nikamwambia ni dawa ya wadadisi, akageukia upande wa pili.

Muheza tulisimama kwenye wauza machungwa. Zuhura alipokuwa mdogo alikuwa hali chungwa mpaka nimmenyee ganda lote bila kukatika, kisha alivae shingoni. Nilinunua mawili. Moja nikala, la pili nikalishika tu mkononi mpaka Korogwe, machozi yananilenga, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mombo tuliacha barabara kuu tukaanza kupanda mlima. Kona zile sizipendi hata kidogo. Nilifumba macho nikasoma kila sura niliyojaliwa kuihifadhi. Nilipofumbua tulikuwa Soni, baridi imeingia, wanawake wanauza peasi na plamu kwenye ndoo. Nilijifunga leso mabegani juu ya buibui, nikawaza Njombe nako ni baridi hivi, na nani anamwambia mwanangu avae sweta.

Adhuhuri nilifika Lushoto, kwenye kitalu cha Mama Singano. Ni mwanamke wa rika langu, nilielekezwa kwake na jirani yetu Msambaa. "Onga mshi," akanisalimu kwa lugha yao, na aliponiona nimebabaika akacheka, akanipa kigoda na chai ya tangawizi. Miche ya bluberi ilikuwa imepangwa nyuma ya nyumba, kwenye mifuko myeusi. Nilimpa tawi langu. Akalivunja, akalinusa.

"Dada, ulikuwa ukiumwagilia maji gani?"

"Ya kisima. Kwani yapo mengine?"

"Na majivu uliweka?"

"Kila Ijumaa. Kwetu mche usipowekewa majivu huliwa na chungu."

Alipiga makofi. "Lo, watu wa pwani! Huu unataka udongo mkali, wenye tindikali, na majivu yanauondoa ule ukali. Visima vyenu navyo vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yana chokaa. Umeuua kwa kuutunza, dada yangu."

Nilinuna, maana nilijua anasema kweli. "Basi nipe unaofanana nao," nikamwambia.

Alininyooshea mmoja mrefu, majani mapana, kama ule ule kabisa. "Ninao. Ila aina hii ni ya baridi. Kwenu utatoa majani ukijaliwa, lakini tunda hutaliona, hata uusubiri miaka kumi. Wa kwenu ni huu." Ulikuwa mfupi, majani madogo yenye rangi ya buluu kwa mbali. "Huu unavumilia joto, unazaa. Aliyekupa ule hakujua?"

"Ni mwanangu. Ndiyo kazi yake."

Mama Singano aliinama kung'oa magugu ambayo mimi sikuyaona.

Nilibaki nimesimama kati ya mifuko miwili. Mtoto anayejua bluberi kuliko mimi ninavyoijua chumvi aliniahidi kuja siku utakapozaa mti usiozaa. Niliumia, sifichi. Ule mrefu ungenisitiri; picha moja tu na mambo yangekwisha. Mfupi ungeniumbua. Mama Singano hakunihimiza, na usiku ule alinilaza kwake.

Asubuhi ya pili niliteremka mlima na ule mfupi, pamoja na kiroba cha udongo wa chini ya misonobari. Enyi wenzangu wa Tanga mnaotamani kupanda bluberi, sikilizeni: chagueni aina ya joto, pandeni kwenye ndoo na udongo huo, mwagilieni maji ya mvua, na majivu yaacheni jikoni.

Alasiri nilikuwa uani kwangu. Nilipiga picha, nikaituma. Simu ikalia papo hapo.

"Mama, huu siyo niliokupa."

"Siyo. Wako ulikufa zamani, nikakudanganya. Na wewe ulijua kwamba pwani hauzai?"

"Nilijua, mama. Sikuwa na likizo ya kukuahidi, nikakuahidi mti."

Nilikuwa nimeyapanga maneno makali tangu Mombo. Yalinitoka yote kichwani.

"Nina hamu nawe, Zuhura," nikasema. Sikumbuki kama nilipata kumwambia hivyo tangu avunje ungo.

Nilimsikia akivuta kamasi.

"Sasa mama," akasema, "mbona siku zote unanipa habari za mti tu, hili hulisemi?"