Mkono Uliogoma Mbele ya Kalamu

Kliniki ya misuli ilikuwa na madaktari watatu, mashine mbili na mwanamke mmoja dirishani, na kati ya hao wote aliyekuwa hajakosekana kazini kwa miaka ishirini na sita ni yule wa dirishani. Mashine zilikuwa zikilala mwezi mzima zikingoja fundi. Yeye akipata mafua alikuja nayo.

Walimwita Mama Kadi. Kazi yake ilikuwa kufungua kadi za wagonjwa wapya: jina, umri, kazi, tatizo. Mtu akishajieleza, Mama Kadi humsukumia kadi na kalamu ili asaini mwenyewe. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye msumari, kwa sababu kalamu zisizofungwa, kama alivyopenda kusema, huondoka na wagonjwa na hazirudi hata wenyewe wakipona.

Mstari wa tatizo ndio aliokuwa akiupenda. Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake akisema ana mkakamao wa misuli. Kila mmoja huja na maneno yake. Huyu atasema msuli wa mguu unapanda, yule atasema jicho linacheza lenyewe, mwingine shingo inamvuta upande kama anaitwa na jirani asiyempenda. Bibi mmoja alisema mkono wake unachambua mchele usiokuwepo, na kweli ukiutazama, kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada kutwa nzima. Mama Kadi aliyaandika yote hayo kwenye daftari lake, upande wa kushoto. Upande wa kulia aliandika jina alilolitoa daktari baadaye: mtetemo, mkazo, mshtuko wa misuli, distonia. Daftari lililokuwa mezani lilikuwa la saba. Yale sita yalikuwa kabatini nyumbani kwake, na mumewe alikuwa amekatazwa kuyagusa.

Usidhani alizaliwa na utaratibu huo. Mwaka wake wa pili kazini alimwambia mama mmoja, kwa kujiamini kabisa, kwamba mwanawe ana kifafa. Mama wa watu alilia korido nzima. Kumbe mtoto alikuwa akirusha mabega na kukonyeza kwa kuzidiwa na misuli tu, jambo ambalo watoto wengi huliacha wakikua. Daktari mkuu wa wakati ule alimwita ofisini. Hakumfokea. Alimwambia, "Mama, jina la ugonjwa si mali yako. Ulichokiona ndicho chako." Mama Kadi alitoka mle akitazama vidole vya miguu yake, na aibu ile hakuisahau. Tangu siku hiyo akawa haandiki ugonjwa. Anaandika anachokiona, na kuona alijua.

Sasa ikaja Jumanne moja, foleni imefika hadi getini, akatokea mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, mkewe nyuma yake kakumbatia bahasha.

"Kazi?" Mama Kadi aliuliza.

"Mwandishi wa vyeti, chuo cha ufundi. Naandika majina ya wahitimu kwa mkono. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Tatizo?"

"Mkono, mama. Unanisaliti."

Mke akadakia. "Nyumbani hauna shida yoyote. Anamenya viazi, anafunga vifungo, juzi kapigilia mlango mzima peke yake. Akifika kazini, mkono hauwezi. Sasa wakubwa wake wanasema anajisingizia."

"Sijisingizii," alisema mume, taratibu.

"Baba watoto, mimi nimesema unajisingizia? Nimesema wanasema."

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya chuo. Walitaka daktari athibitishe. Kama mtu wao anaumwa, watamtafutia kazi nyingine palepale. Kama haumwi, mwisho wa mwezi aende zake. Mama Kadi aliisoma mara mbili. Mtu wa nyuma kwenye foleni akaanza kuguna, mke akaichukua kalamu akamsainia mumewe kadi, na Mama Kadi, ambaye hakuwahi kumruhusu hata waziri kusainiwa, akaacha ipite. Haraka haraka haina baraka; alikuwa akiwaambia wenzake hivyo kila siku, na siku hiyo aliisahau yeye.

Dakika ishirini baadaye wale wawili walirudi dirishani na barua ya daktari ya kujibu chuo, ipigwe muhuri. Nguvu za mkono, sawa. Hisia, sawa. Vidole vinakunjuka na kukunjika. Hakuna tatizo lililoonekana. Mwanamume alisimama wima kabisa, kama mtu aliyesomewa hukumu na hataki kuonekana akiyumba. Mkewe hakuwa na neno, na hilo lilimtisha Mama Kadi kuliko barua yenyewe.

Hata hivyo kliniki ilikuwa na desturi yake: barua haitoki mpaka mwenyewe aandike jina lake kwenye kitabu cha kutolea barua. Mama Kadi alimsogezea kitabu. Mara hii mke aliponyoosha mkono, akamzuia.

"Hapana, mwanangu. Mwenyewe."

Mwanamume akaishika kalamu. Nukta ileile kidole gumba kikajikunja kuelekea kiganjani, kiwiko kikapanda, kifundo cha mkono kikapinda na ncha ya kalamu ikaning'inia juu ya karatasi bila kugusa. Jasho likamtoka. Akaiweka kalamu chini, mkono ukalainika. Akaishika tena, ukajikunja. Mara ya tatu akaacha.

"Unaona?" alisema.

Mama Kadi alikuwa ameona. Aliifungia barua kwenye droo, akaweka ufunguo mfukoni, akaiacha foleni ikilalamika.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameingia chumba cha daktari kupeleka mafaili tu. Daktari mwenyewe alikuwa kijana hodari, mwaka wake wa kwanza pale, na alikuwa hajainua macho bado.

"Daktari, samahani. Ile barua ya mwandishi sijaipiga muhuri."

"Kwa nini?"

"Haijaisha. Kosa limeanzia kwangu. Nimemwacha mkewe amsainie kadi."

"Mama, nimempima mwenyewe. Amegusa pua, amekunja ngumi, amenibana vidole hadi nimeumia. Mkono mzima."

"Umemshikisha kalamu?"

Daktari akainua macho. Kisha akaudhika kidogo, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeulizwa swali alilopaswa kujiuliza mwenyewe.

"Haya, unataka kuniambia ana nini?"

Hapo ndipo penye mtihani. Jina alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari la nne, ukurasa uliokunjwa pembe, kwa mpiga gitaa mmoja ambaye vidole vyake vilijikunja kwenye nyuzi tu na si penginepo. Lilimkaa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Jina ni lako, Daktari. Mimi nimeona kidole gumba kikijikunja ndani, kiwiko kikapanda, kalamu ikabaki hewani. Akiiweka chini, mkono unatulia. Mara tatu, kwa namna ileile."

Daktari aliinuka bila kuvaa koti lake.

Dirishani alimpa yule mwanamume kijiko cha chai cha Mama Kadi. Mkono ukakishika vizuri. Akampa funguo, vizuri. Akampa kalamu, kidole gumba kikazama. Halafu akamwambia aandike kwa mkono wa kushoto, na wa kulia aulaze mezani. Mwanamume alipoanza tu kuchora herufi ya kwanza kwa kushoto, ule wa kulia, usioshika kitu, ukaanza kujikunja wenyewe polepole. Daktari aliinama hadi pua yake ikakaribia meza.

"Hili mtu haliigizi," alisema. Akaomba ile barua kwenye droo, akaichana vipande viwili mbele ya foleni nzima.

Akawaeleza palepale. Misuli haina kosa, na mwenye misuli hana kosa. Ubongo ndio umechanganya amri za kuandika, misuli ya kukunja na ya kukunjua inavuta kwa pamoja, ndiyo maana mkono unakwama. Ni distonia ya kuandika, na huwapata hasa watu wa kazi ya mikono iliyorudiwa miaka mingi.

"Kwa hiyo lina jina," alisema mwanamume.

"Lina jina."

Akajifuta uso kwa mkono uleule wa kulia, ambao kwa kazi hiyo haukuwa na ubishi. Mke akapata ulimi wake. "Liandike kwa herufi kubwa, Daktari. Hao wakubwa wake hawaoni vizuri."

Jioni daktari alisimama mlangoni mwa chumba cha kadi. "Mama, ulikuwa unalijua lile jina?"

"Nilikuwa nalo mdomoni."

"Mbona hukulisema?"

"Niliwahi kulisema la mwingine, likamliza mtu bure."

Daktari akatikisa kichwa, kisha akaomba kipande cha uzi. Kesho yake mezani kwa daktari palikuwa na kalamu iliyofungwa kwenye msumari, na kila mgonjwa aliyeingia aliulizwa kwanza anafanya kazi gani, kisha akaambiwa aonyeshe. Mama Kadi aliipita kalamu ile kila siku akipeleka mafaili, na kila siku aliitazama. Kichwa kilivimba, tusifichane.

Alistaafu miaka miwili baadaye. Chuo kilimhamishia yule mwandishi stoo ya vifaa, na huko, baada ya kazi, alikuwa akijifunza kuandika kwa kushoto. Kliniki ilipotaka kumchapia Mama Kadi cheti cha utumishi kwa mashine, daktari alikataa, akakipeleka kitupu yeye mwenyewe kwa mwandishi yule kule chuoni.

Mumewe, fundi wa kuchomelea ambaye hajawahi kuvumilia mstari uliopinda, alivaa miwani akakigeuza huku na huku. Herufi zilikuwa zimelala upande, na ya mwisho ilikuwa karibu itoke nje ya karatasi.

"Mbona kimekaa mrama? Wangekupigia kwa mashine."

"Hiki kimeandikwa kwa kushoto, na mtu ambaye wa kulia ulimgomea," alisema Mama Kadi. "Kitundike hapo juu ya mlango, kila anayeingia akione."

Mume akapanda kiti, akapigilia msumari. Mama Kadi alisimama chini yake akisoma jina lake lote, majina matatu, taratibu, kwa sauti.