Shikamoo Mbele ya Shoka

Jumamosi moja ya mwaka 1996, Evelina, mchuuzi wa zabibu wa Makutupora, alikuwa akimfundisha Ingrid kusonga ugali. Ingrid, mwanafunzi wa Kinorwe, alikuwa mgeni wake wa wikiendi. Mara mwizi wa mbuzi akaingia uani mbio, umati wenye marungu nyuma yake. Pigo la kwanza lilimvunja taya, la pili likamwangusha miguuni pa Ingrid. Damu ikarukia sufuria.

Mzee Cornel, mwenye mbuzi, akainua shoka. Evelina akakinga, mpini ukamvunja mkono. Shoka likapanda tena.

“Shikamoo, mzee,” Evelina alisema.

Shikamoo haiachwi bila jibu. Shoka likasimama hewani.

“Marahaba. Toka hapo, mwanangu.”

“Maiti halipi mbuzi. Niachie, akipona atanichimbia mashimo ya mizabibu. Wewe chukua beberu wangu.”

“Na jike.”

“Beberu tu. Jike ni wa maziwa, na mgeni wangu hajala.”

Mzee akatema mate, akashusha shoka.

“Mama, umemwokoa,” Ingrid alisema akilia.

“Nimempata kwa bei nzuri,” alijibu Evelina, akiufunga mkono kwa kanga. “Geuza ugali, unaungua.”